Msiwaite nyota wasaliti, lakini msiisahau miji wanayoiacha

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nijibu makala ya ukurasa wa michezo iliyodai kwamba nyota wa mpira wa vikapu wanapomaliza mikataba yao na kupatana kwenda kuchezea timu moja, ligi ya NBA ya Marekani ndiyo inayofaidika kwa sababu watazamaji huongezeka. Nimeisoma mara mbili, ya pili kwa sauti ili msichana anayejifunza kushona kwangu naye asikie. Mwandishi wenu anaujua mchezo na simvunjii heshima. Lakini hesabu yake imeanzia na kuishia katika mji ule nyota wanakokwenda. Mji wanakotoka hakuutaja hata kwa mstari mmoja.

Mimi ni fundi wa kushona, kibanda changu kiko Majengo. Kwa zaidi ya miaka ishirini watoto wa huku wameniletea jezi nizipunguze, niziwekee viraka, nibandike nambari na majina mgongoni. Kwa hivyo habari za NBA sizipati kwenye televisheni peke yake. Zinanifikia mezani, kwenye mkasi na uzi.

Julai 2010 Mombasa nzima ilikuwa na Kombe la Dunia, Uhispania na Uholanzi zikisubiri fainali. Alfajiri ya tarehe 9, kabla ya adhana, kaka yangu, Mungu amrehemu, alirudi kutoka zamu ya usiku bandarini akanikuta nakaanga mahamri. Hata salamu hakutoa. Alisema tu, "LeBron ameondoka." LeBron James alikuwa ametangaza kwenye televisheni ya Marekani kwamba anaiacha Cleveland na kwenda Miami kuungana na Dwyane Wade, pamoja na Chris Bosh aliyekuwa Toronto. Wote watatu walikubali kupunguza kidogo mshahara ambao wangeweza kudai, ili watoshe pamoja na wenzao chini ya kiwango cha mishahara, yaani jumla ambayo ligi huiwekea kila timu.

Haikupita wiki mbili, mvulana wa miaka kama kumi na mitatu akaja kibandani na jezi ya Cleveland aliyoipata kwenye mitumba ya Kongowea. Rangi ya damu ya mzee, nambari 23, ya kushonwa kwa uzi, si ya kubandikwa kwa pasi. Alitaka niifumue 23 nimwekee 6, nambari ambayo LeBron angeivaa Miami. Niliifumua kwa wembe, uzi mmoja mmoja, nusu saa nzima. Nilipoivua, kitambaa cha chini yake kilikuwa bado kimekoza, kwa sababu jua na sabuni havikuwahi kukifikia, na 23 ikabaki pale pale kama kovu. Nikashona 6 juu yake. Lakini 6 ni tarakimu moja na 23 ni mbili, haikufunika. Upande huu ilichungulia 2, upande ule mgongo wa 3. Nikamwambia, mwanangu, hii itaonekana. Akasema, haidhuru, mama. Akaivaa hapo hapo akaenda zake.

Wenyewe Cleveland walizichoma. Picha zilienea dunia nzima, watu wazima wamesimama barabarani wakitazama jezi ikiungua. Mtu wa kazi yangu haoni raha nguo ikichomwa, ila uchungu wao niliuelewa. LeBron alizaliwa Akron, ambako kutoka Cleveland ni mwendo kama wa kutoka hapa hadi Kilifi. Alikuwa mtoto wao. Msimu wa 2009-10 walishinda mechi 61 na kupoteza 21. Msimu uliofuata, bila yeye, walishinda 19 na kupoteza 63, na ndani ya hizo walipoteza 26 mfululizo. Mechi 26, Mhariri! Baba anampeleka mtoto uwanjani Novemba, anampeleka tena Januari, na mtoto hajawahi kuona timu ya mji wake ikishinda. Nawafikiria pia wenye maduka waliobaki na stoo iliyojaa 23.

Hata hivyo neno "wasaliti", ambalo vijana wetu wanalitumia kila nyota anapohama, mimi silikubali. Zamani mchezaji wa NBA alikuwa kama mali ya timu. Mkataba ukiisha bado hakuwa na ruhusa ya kwenda anakotaka. Oscar Robertson, akiwa kiongozi wa chama cha wachezaji, aliishtaki ligi mwaka 1970, na kesi ikaisha kwa makubaliano mwaka 1976. Hata baada ya hapo, ilibidi ifike 1988 ndipo mchezaji mkongwe aliyemaliza mkataba akaweza kuhama bila timu yake ya zamani kuwa na kauli. Watu walipigania ruhusa hiyo miaka mingi. Siwezi kumtukana mtu kwa kuitumia.

Na nami niliwahi kuitumia. Mwaka 1998 mimi na wenzangu wawili tulikuwa tumeajiriwa katika karakana moja ya nguo hapa mjini. Mwenye karakana alitulipa kwa kipande, na kila tulipoomba nyongeza alituambia mlango uko wazi. Basi tukautumia mlango wake, sote watatu siku moja, tukakodi chumba pamoja. Mmoja alikuwa bingwa wa mabuibui, mmoja wa suti za wanaume, mimi wa sare za shule. Ilipofika Idi, wateja walijaa hadi barabarani. Karibu yetu palikuwa na mafundi wanne, kila mmoja na cherehani yake moja, na Idi ile hawakupata kitu. Wawili walifunga kabisa. Hatukumkosea mtu, na ningerudi nyuma ningefanya vile vile. Lakini mmoja wa wale wawili alikuwa na watoto watano, na kila asubuhi nilipita mbele ya mlango wake nikaiona kufuli.

Kwa hivyo mwandishi wenu akiniambia kwamba chumba kile kilijaa wateja, nitamjibu ndiyo, kilijaa. Namuuliza habari za kufuli.

Juu ya watazamaji nakubaliana naye nusu. Miami walifika fainali miaka minne mfululizo, 2011 hadi 2014, wakatwaa ubingwa 2012 na 2013. Hata huku Majengo, watoto ambao hawakuwahi kushika mpira wa vikapu walianza kuniuliza bei ya jezi. Lakini naomba tukumbuke kwa nini tuliamka usiku kuwatazama. Walikuwa wameanza kuhesabu mataji mbele ya mashabiki wao, wakafika saba, kabla hawajacheza hata mechi moja, na nusu ya dunia ilitaka kuwaona wakianguka. Na walianguka! Fainali ya kwanza Dallas ya Dirk Nowitzki iliwafunga mechi nne kwa mbili, maana anayetangulia kushinda mechi nne ndiye bingwa. Kaka yangu alishangilia hadi jirani akagonga ukuta. Mechi ya sita ya fainali ya 2013, San Antonio walikuwa wamelishika taji kwa vidole, ndipo Ray Allen akarusha ule mpira wa pointi tatu kutoka pembeni, zimebaki sekunde 5.2, wakawa sare. Huku kwetu kulikuwa kumeshapambazuka. Nilichelewa kufungua kibanda siku ile na sikujuta. Kinachomtoa mtu kitandani saa kumi alfajiri ni shaka. Akijua mshindi ni nani, atalala.

Nami nililala mwaka 2018. Nieleze kwa nini.

Golden State, timu ya California, walishinda mechi 73 na kupoteza 9 katika msimu wa 2015-16, jambo ambalo halijawahi kufanywa na timu nyingine. Katika mchujo, Oklahoma City ya Kevin Durant iliwaongoza mechi tatu kwa moja, kisha ikapoteza tatu mfululizo. Fainali Golden State nao wakaongoza tatu kwa moja, wakafungwa na Cleveland, maana LeBron alikuwa amesharudi kwao. Tarehe 4 Julai Durant, mkataba wake umekwisha, akatangaza kwamba anakwenda Golden State, kwa wale wale waliomtoa. Iliwezekana kwa sababu fedha mpya za televisheni zilipandisha kiwango cha mishahara kutoka dola milioni 70 hadi milioni 94 kwa kiangazi kimoja, na kwa sababu Stephen Curry alikuwa bado kwenye mkataba wa dola milioni 44 kwa miaka minne, aliousaini wakati kifundo cha mguu kikimsumbua. Mchujo wa 2017 walishinda mechi 16 wakapoteza moja tu. Fainali ya 2018 waliifunga Cleveland nne kwa sifuri. Hakuna aliyevunja sheria. Mlango ulikuwa wazi na Durant akaingia. Mwenye kulaumiwa ni aliyeuacha wazi kiasi kile.

Mambo hayo yalinifikia kibandani mwaka huo huo. Kila Desemba tunafanya mashindano ya watoto wa mitaa kwenye uwanja wa saruji, timu sita, Jumamosi tano. Mimi hushona jezi na kukaa kwenye kamati. Mwaka 2018 timu nne kati ya sita zilikuja zikitaka rangi moja, buluu na manjano ya Golden State, na tatu kati yao zilitaka nambari 30 ya Curry na 35 ya Durant kabla ya nyingine yoyote. Nikawaambia, wanangu, refa atawatambuaje? Timu moja tu ilikubali kubadili, ikachukua kijani.

Kabla ya Jumamosi ya kwanza nikasikia kwamba wale wavulana watatu waliokuwa hodari kuliko wote, ambao mwaka uliotangulia walichezea timu tatu tofauti, wamehamia timu moja. Mfadhili wa timu hiyo alikuwa ameahidi viatu. Siwezi kuwalaumu watoto. Mmoja wao alikuwa akicheza na ndara alizozifunga kwa kamba kwenye kifundo. Mechi ya kwanza walishinda 71 kwa 18. Watu walijaa kuwatazama, kama anavyosema mwandishi wenu. Jumamosi ya pili walishinda kwa tofauti kubwa zaidi, na kufikia nusu ya mechi nusu ya watu walikuwa wameshaondoka kwenda kununua viazi vya karai. Jumamosi ya tatu timu mbili hazikutokea. Mojawapo ilikuwa ile ya kijani. Nilikuwa nimewashonea jezi nane kwa malipo ya nusu, na hakuna aliyekuja kuzichukua. Nikazikunja nikaziweka kabatini na naftalini.

Mtu anaweza kusema, subiri tu, mambo yatajirekebisha. Na kweli makundi mengi ya nyota yalivunjika yenyewe. Mwaka 2019 Durant alihama tena, akaungana na Kyrie Irving kule Brooklyn, kisha James Harden akaletwa Januari 2021. Kwa muda wote huo Brooklyn walishinda raundi moja tu ya mchujo, na kufikia Februari 2023 wote watatu walikuwa wameshaondoka.

Lakini kisa cha kiangazi kile kinachonifikirisha zaidi ni kingine. Toronto walikuwa ndio kwanza wametwaa ubingwa wa 2019 mbele ya Golden State. Timu ile iliundwa na Masai Ujiri, ambaye mamake ni Mkenya, na ndani yake walikuwamo Pascal Siakam wa Kameruni na Serge Ibaka aliyezaliwa Kongo. Tuliisherehekea kama ya kwetu. Hata mwezi haukutimia, nyota wao Kawhi Leonard, aliyekuwa huru kuhama, akaenda Los Angeles kuchezea Clippers. Na alitaka Paul George wa Oklahoma City awe naye. Oklahoma City, mji wa watu karibu laki saba, mdogo kuliko Mombasa yetu, ulikuwa umeshaachwa na Durant miaka mitatu nyuma. Sasa wakaja kumtaka na huyu. Wakasema sawa, mchukueni, lakini tupeni Shai Gilgeous-Alexander, kijana aliyekuwa na msimu mmoja tu kwenye ligi, pamoja na nafasi zenu za kuchagua wachezaji chipukizi kwa miaka kadhaa.

Clippers hawakufika fainali hata mara moja wakiwa na wawili hao, na mwaka 2024 George akaondoka kwenda Philadelphia. Oklahoma City walikaa wakivumilia. Msimu mmoja walishinda mechi 22, uliofuata 24. Kwa kuwa ligi huzipa timu zinazoshindwa nafasi bora ya kuchagua chipukizi, mwaka 2022 walimpata Chet Holmgren. Nafasi mojawapo waliyopewa na Clippers iliwaletea Jalen Williams. Juni 2025 wakawa mabingwa, na Gilgeous-Alexander akawa mchezaji bora wa msimu na wa fainali.

Je, hapo mambo yalijirekebisha yenyewe? Hapana. Mji ule ulikuwa na sheria mgongoni mwake. Bila utaratibu wa kuwapa walioshindwa zamu ya mbele, Oklahoma City ingekuwa imefunga kufuli kama jirani yangu. Na bado walingoja miaka tisa tangu Durant aondoke. Mtoto aliyekuwa na miaka minane alimaliza shule akingoja.

Ligi yenyewe imeliona hilo. Makubaliano yake na wachezaji ya mwaka 2023 yaliweka mpaka wa pili wa matumizi, na timu inayouvuka hairuhusiwi kuunganisha mishahara ya wachezaji wawili au watatu ili kubadilishana na nyota mmoja, na tena inanyimwa nafuu ambazo timu nyingine zinazitumia kusajili wachezaji huru. Boston walitwaa ubingwa wa 2024, na mwaka uliofuata ikawabidi kuwaachia Jrue Holiday na Kristaps Porzingis kwa sababu ya gharama. Mchezaji bado anaruhusiwa kwenda atakako. Ni timu inayozuiwa kuwakumbatia wote. Kuanzia 2019 hadi 2025 ubingwa umekwenda kwa timu saba tofauti: Toronto, Lakers ya Los Angeles, Milwaukee, Golden State, Denver, Boston na Oklahoma City. Na ligi haikufa njaa kwa kukosa timu moja ya kutisha. Katikati ya miaka hiyo hiyo, 2024, ilitia saini mikataba ya matangazo ya dola bilioni 76 hivi kwa miaka 11. Mwandishi wenu angeiweka na hiyo kwenye hesabu yake.

Nimeandika marefu juu ya Marekani, lakini nawaza hapa. Timu zetu kubwa za vikapu nyingi ni za mashirika: bandari, benki, jeshi. Kijana akipata timu yenye mshahara anaifuata, na ana haki, maana ana mama wa kumlisha. Mwaka 2025 Nairobi City Thunder walikuwa timu ya kwanza ya Kenya kucheza katika Ligi ya Vikapu ya Afrika, na nilifurahi kama Mkenya yeyote. Sasa fedha zitaanza kuonekana, na fedha zikionekana nyota watakusanyika. Naomba gazeti lako liwaulize wasimamizi wa mchezo, mapema, ni sheria gani itazilinda timu za Mombasa, Kisumu na Eldoret siku hiyo. Timu ndogo ikilea kijana tangu miaka kumi na miwili, ilipwe nini akiondoka? Wachezaji wapya wanaotoka shuleni, nani awe wa kwanza kuwachagua? Maswali haya yaulizwe kabla ya timu kuanza kukosa kutokea Jumamosi ya tatu.

Sisi wa kamati yetu ndogo tuliyajibu kwa namna yetu mwaka 2019. Tuliamua kwamba watoto wapya watachaguliwa kwa zamu, na timu iliyomaliza mwisho ndiyo itakayoanza. Wale watatu hodari tuliwaacha wachague wenyewe pa kwenda, lakini si zaidi ya wawili pamoja. Viatu vya mfadhili tuliomba viingie kwenye kapu la wote, naye akakubali baada ya maneno mengi. Haikuwa rahisi. Mvulana mmoja alilia kwa kutenganishwa na binamu yake, akaniangalia mimi kana kwamba ndiye niliyempokonya, na sikuwa na la kumwambia. Mpaka leo sina hakika kwamba kwa yule mtoto tulitenda haki.

Wiki moja kabla ya mashindano nahodha wa ile timu ya kijani alikuja kibandani, ameinamisha kichwa, ana nusu ya malipo iliyobaki kwenye karatasi ya gazeti. Nikazitoa jezi nane kabatini. Wavulana walikuwa wamerefuka na kutanuka, hazikuwatosha. Nikafumua mishono ya ubavuni, zote nane, nikatia kipande cheupe kila upande, upana wa vidole vitatu. Jumamosi ya kwanza walicheza na timu iliyokuwa na wawili kati ya wale hodari. Walifungwa 44 kwa 41, na nilipogeuka kutazama nyuma yangu, hapakuwa na mtu aliyekuwa ameondoka kwenda kununua viazi.

Msomaji wenu, fundi wa kushona,
Majengo, Mombasa